"Sawa" kwa Bibi, "Sawa" kwa Wamotari

Mama Mukashyaka, nakuandikia kwa sababu sauti yako tunaisikia kwetu redioni kila Alhamisi, na mutu mwingine wa kuambia haya maneno sina. Mi naitwa Gad, niko motari hapa Gisenyi, nabeba watu na pikipiki, sisi tunaita moto, kutoka mujini mupaka Bugeshi, na niko na bibi muzuri, Murekatete, anavuka barrière ya Congo kila siku kuuzisha karoti Goma. Nyumbani tuko na amani, sikudanganyi.

Bibi yangu alikuwa anapeleka karoti na kichwa, kisha akanunua baiskeli, jirani wakamucheka kidogo, kisha nao wakanunua, na sasa kila Jumapili asubuhi iko kundi kubwa, wamama, walimu, hata muzee Védaste mwenye ndevu nyeupe, wanaendesha kandokando ya ziwa, wakirudi wanakaa kula samaki ndogo za sambaza na kupanga maneno, wanataka wakubwa watenge upande wa barabara kwa ajili ya baiskeli, na wanataka basi ianze kupanda Bugeshi, maana wakati wa mvua mama mwenye gunia ya viazi anasimama kule juu mupaka analoa, na ni kweli, mvua ikinyesha hata mi sipandi, njia inateleza.

Jumapili moja moto yangu ilikuwa kwa fundi, Murekatete akaniambia, "We unabaki kufanya nini? Kuja." Nikaenda. Mama, nilifurahi kama mutoto, nilishuka mulima nikiimba. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Siku ya mukutano, kisha kazi ya wote ya umuganda, utasimama useme kwa ajili ya basi? Motari akisema, watasikia." Nikasema sawa.

Kesho yake Jado, mukubwa wetu pale parking, akatukusanya, akasema basi ikifika Bugeshi wateja wote wataingia ndani, na watoto wetu watakula nini, kisha akaniangalia. "Gad, we unajua kusema. Utatusemea." Wote wakapiga makofi. Bon, nikasema sawa.

Donc bibi yangu anaambia jirani wote bwana yake iko pamoja nao, na wenzangu wananipa chai ya bure kama mutu anaenda vitani, na mukutano ni Jumamosi. Roho yangu inataka basi. Lakini wakati nilianguka na moto nikavunjika muguu, Jado ndiye alikuwa analeta chakula kwetu mupaka nikapona. Nikisema kwa ajili ya basi, namusaliti. Nikikataa, nitaangalia Murekatete na macho gani? Nimefikiria hata kujifanya mugonjwa. Nisaidie.

*Gad, Gisenyi*

Gad mwanangu,

Umenichekesha, kisha umenikasirisha. Huo ugonjwa wa uongo uondoe kichwani leo hii. Mkeo atakuletea uji, Jado atakuja kukujulia hali, na utawatazama wote wawili ukiwa chini ya blanketi. Utajisikiaje?

Una mke anayekupenda na rafiki aliyekulisha ulipokuwa huwezi kusimama. Wengi wanaoniandikia hawana hata mmoja wao. Wewe umewapa wote neno moja ili usimwudhi yeyote, na sasa utawaudhi wote kwa siku moja. Njia mbili zilimshinda fisi, na wewe huna hata miguu minne.

Hofu ya Jado usiidharau, ni hofu ya baba mwenye watoto. Lakini moyo wako umeshaamua, umeniandikia mwenyewe. Kilichobaki ni kusema.

Leo jioni mwambie mkeo kwamba uliwaitikia na wamotari. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee. Kesho asubuhi mwendee Jado akiwa peke yake, si mbele ya wenzake, umwambie hutaweza kulipinga basi, na umweleze ulichokiona huko juu wakati wa mvua. Kisha nyamaza umsikilize. Basi litapita barabara kubwa tu, na nyumba za Bugeshi ziko ndani kwenye vijia. Mama akishuka na gunia lake, atamtafuta nani? Ombeni mahali pa pikipiki kando ya kituo, na hilo ulisimamie mkutanoni kwa nguvu ileile utakayotumia kulitetea basi.

Huko si kumsaliti. Kumsaliti ni kumwacha alisikie mara ya kwanza mbele ya watu wote. Nenda.

*Mama Mukashyaka*

*Wasikilizaji wangu, majibu haya nilimtumia Gad mwenyewe kabla ya umuganda, na sasa amenipigia simu. Murekatete alimpakulia chakula, kisha akamwambia, "Siku ingine uniambie mbele ya kusema sawa." Jado alishuka kwenye pikipiki yake, akasema, "Bora umekuja kuniambia mwenyewe." Mkutanoni Gad aliomba basi, na Jado akasimama baada yake akaomba mahali pa pikipiki. Viongozi wamekubali basi lijaribiwe siku za soko, na pikipiki zitapewa nafasi kituoni. Njia ya baiskeli bado wanaijadili.*

*Jumapili Jado alifika ziwani, akasema amekuja kuangalia tu. Murekatete akamsogezea baiskeli. Motari wa miaka mingi akayumba, akaanguka majanini, akainuka akicheka, akaomba kujaribu tena.*