Doa la Zambarau Kwenye Betri

Fundi Muthama,

Salamu sina leo. Nimekasirika, na wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mtu aliyekasirika asishike bisibisi, kwa hivyo nimeiweka chini nikachukua kalamu. Wateja wasubiri kidogo.

Hii ni wiki ya kumi tangu presha ikuangushe pale kwenye ngazi. Kibanda bado kipo na bango lenye jina lako sijaliondoa. Laptopu zinazokuja ni zilezile, zilizotumika ofisi za Ulaya mpaka zikachoka, na watu wa Machakos bado wanataka ziamke kama mpya. Wanataka ziwe na kasi, zikae na chaji kutoka hapa mpaka Nairobi, zisiwachome mapaja. Nazifanya ulivyonionyesha. Napuliza vumbi jekundu kwenye feni, nakwangua ile dawa ya kupozea prosesa ikiwa imekauka, napaka mpya kiasi cha punje ya ndengu. Naongeza memori, natoa diski ya kuzunguka naweka SSD. Mkeo, Mama Kyalo, huja kila asubuhi akishapeleka watoto shule. Anaketi kwenye benchi la wateja na kusuka kiondo, hasemi mengi. Nadhani anafuata harufu ya spiriti na solda, maana ndiyo uliyokuwa ukirudi nayo nyumbani.

Sasa nisikilize.

Unamkumbuka Mwalimu Ndinda, yule wa shule ya msingi kule Mitaboni. Usijifanye humkumbuki. Alikuja mwaka jana na laptopu yake kuukuu na bahasha kutoka kwa mwanawe anayeishi Syokimau. Ndani kulikuwa na betri mpya, memori mpya na SSD mpya, zote bado ziko kwenye plastiki. Mama wa watu alitaka mashine ya kubeba kwenye kikapu, aende nayo shule na kanisani bila kuhangaika kutafuta soketi. Kabla ya kukupa zile spea alitoa chupa ya rangi ya kucha kwenye mkoba, ya zambarau, akatia doa dogo kwenye kila moja huku unamtazama. Watu wamebadilishiwa spea na mafundi hapa mjini, wakajifunza kuweka alama. Ulicheka naye vizuri, lakini alipotoka ulinuna mpaka jioni. "Hawa watu wanatuona sisi wote wezi," ulisema. Nikakuonea huruma, nikakuletea chai.

Ulizifunga zile spea, mashine ikawa nyepesi, mwalimu akafurahi. Baada ya miezi miwili bawaba ya kioo ililegea, akairudisha, ukakaa nayo wiki nzima. Tangu hapo haikuwa ileile tena. Alirudi mara tatu kulalamika, na mara tatu ukamjibu, "Hiyo ni Windows tu, mwalimu, inajipanga. Ipe muda." Alikuomba uifungue aone kwa macho yake, ukakataa. Kanuni yako sote tuliijua: mgonjwa hapasuliwi mbele ya jamaa zake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, naitikia kwa kichwa. Nilisikia ile mashine ikikwaruza kama diski ya zamani, nikaamini mdomo wako kuliko masikio yangu.

Mwezi huohuo ulinipa laptopu.

Hukuwa mtu wa zawadi. Ndiyo maana nililia. Uliitoa chini ya meza imefungwa kwa gazeti, ukasema, "Mwikali, miaka mitatu unatengeneza za watu. Sasa kuwa na yako." Nimeibeba kila mahali. Nilienda nayo Konza nilipoitwa kupanga kompyuta za ofisi moja, nikafanya kazi kutwa bila chaja, na kila aliyeuliza nilimwambia nilitengenezewa na fundi wangu. Siku ya mazishi yako kule Yatta walinipa nafasi ya kusema kwa niaba ya wafanyakazi. Wafanyakazi wenyewe nilikuwa mimi peke yangu. Nikasimama mbele ya ukoo wako, mbele ya pasta, nikasema sijawahi kukuona ukichukua hata skrubu ya mtu. Watu wakasema amina.

Ijumaa iliyopita Mwalimu Ndinda alikuja tena. Alinipa pole, halafu akaniambia kwa upole kwamba fundi mwenyewe ameshalala, basi nimfungulie mashine aone. Hata hapo nilikulinda. Nilimwambia aiache arudi Jumatatu. Alipoondoka nikaifungua peke yangu. Ndani mlikuwa na diski ya kuzunguka, memori ndogo kabisa, na betri iliyofura mpaka imeinua kibodi. Doa la zambarau halikuwepo popote. Nikakutetea tena. Nilijiambia labda mwanawe alibadilisha spea alipokuja likizo. Labda mwalimu alipita kwa fundi mwingine kabla ya kurudi kwetu. Nikataka kuipima na memori nzuri, na kwa kuwa kwenye droo hamkuwa na inayoingia, nikafungua yangu niiazime kwa dakika tano.

Doa lilikuwa kwenye memori. Nikatazama SSD, lilikuwepo. Nikatazama betri.

Nilikaa sakafuni, Fundi. Mteja aliingia akauliza bei ya chaja, nikamwambia arudi kesho. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, na zako zimetimia ukiwa kaburini, zikanikuta mimi nikiwa nimeshika mali yenyewe mkononi. Najua ungesema nini. Ungesema ulikuwa unaazima, ungerudisha spea zikipatikana, mwalimu hatumii mashine sana. Labda ulikusudia kweli. Sina mtu wa kumuuliza. Lakini ulitaka kunipa zawadi na hukuwa nayo, ukachukua ya mtu, tena ya mwanamke aliyetia alama mbele ya macho yako kwa sababu aliogopa jambo hilohilo. Ungenipa bisibisi moja ya kwako, ile ya mpini uliochakaa, ningeshukuru mpaka kufa. Badala yake umenifanya nitembee miezi minane na vitu vya wizi nikijisifu navyo. Nakuchukia kwa hilo, na sioni haya kukuandikia.

Nilirudisha kila kitu. Laptopu yangu sasa ni ganda, iko chini ya meza.

Jumatatu mwalimu alikuja mapema. Niliigeuza mashine yake nikaifungua mbele yake, jambo ambalo halijawahi kutendeka katika kibanda hiki. Aliinama akayaona madoa yote matatu. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akasema, "Niko na swali moja tu, Mwikali. Hizi vitu zilikuwa wapi hii miezi yote?"

Mama Kyalo alikuwa kwenye benchi. Mikono yake ilisimama kwenye kiondo, akainua uso.

Jina lako lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa nimelala nalo siku tatu nikilifanyia mazoezi. Nikasema, "Ni mimi, mwalimu. Nilichanganya mashine mbili zinazofanana, halafu nikaogopa kusema."

Nadhani hakuniamini kuhusu kuchanganya, lakini kwamba ni mimi, hilo aliliamini. Alifunga laptopu, akaiweka kwenye kikapu, akasema ataniombea, na kwamba walimu wenzake atawaambia watafute fundi mwingine. Akaondoka. Ndipo mkeo, ambaye huongea mara mbili kwa siku, akaamua kuongea. "Mwanangu, sikulaumu, wewe bado unajifunza. Lakini Baba Kyalo angekuwa hapa, hii haingefanyika."

Nilichukua feni ya mteja nikaendelea kupuliza vumbi.

Kwa hivyo wewe umebaki mtu mwema, nami nimebaki mwizi. Nimelifanya kwa ajili ya yule mama na kiondo chake, usije ukafikiri ni kwa ajili yako. Na linaloniuma kuliko yote ni kwamba bado nakukumbuka. Bado nikikwama na bodi nageuka nikuulize.

Kwenye rafu kuna laptopu tisa ulizoziacha, ambazo wenyewe hawajazifuata. Nimewapigia simu. Kuanzia kesho nitazifungua moja moja, kila moja mbele ya mwenyewe, awe ameleta jamaa zake wote akitaka. Nikikuta spea ya mtu haipo, nitakutaja kwa jina, mkeo akiwa ameketi palepale, nami nitamshika mkono nikimaliza. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Sitakubebea lawama ya pili.

Lala, Fundi. Neno "salama" nitaliongeza nikishafunga ile ya tisa.

Mwikali