Malaika Mwenye Uso wa Wawira

S.L.P. 41,
Siakago.
14 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Igoki,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye jua kali. Mguu unaendeleaje? Wanakutunza hapo Kinoru, au bado unaamka kuwapikia? Usijilaumu kwamba hukufika kumzika Wawira. Sote tulijua uko kitandani.

Sisi tupo tu. Mama hali chakula vizuri, na Baba hakuwa akisema nami. Ningepiga simu, lakini nikianza kusema nitalia mpaka salio liishe.

Unajua nikishachuma majani ya muguka shambani huwa nachora watakatifu kwenye vipande vya mbao, kujifurahisha tu. Mwaka huu Padri akaniomba nimchore Malaika Gabrieli kwenye ukuta wa kanisa. Nilikosa uso, nikamwambia dadangu Wawira akae nimtazame. Alivyolalamika, we! Shingo inauma, pua yangu si kubwa hivyo, malaika gani huyu anashindishwa njaa. Nikamchora akicheka.

Baba alipoiona picha alikasirika sana. Eti mtu aliye hai, mzima kabisa, nimemvika mabawa, nimemtoa kwetu kabla ya siku yake. Akaniambia nifute. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani. Haukupita muda Wawira akashikwa na homa, tukamkimbiza hospitali Embu, akarudi kwa jeneza.

Hebu niambie, Shangazi, rangi inaweza kuua mtu? Najua haiwezi. Lakini kila nikishika brashi najiuliza.

Mama alikuwa akienda kanisani kila siku kumtazama. Picha aliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho tu, na pale Wawira amenuna. Akanisihi nisiuguse ukuta ule. Baba naye akaapa hatakanyaga kanisani mpaka ufutwe.

Jumamosi Baba akaja na ndoo ya rangi nyeupe. Padri alisema hayo ni ya familia, akajitoa. Baba akapanda ngazi mwenyewe, akafuta mabawa, akafuta kanzu. Alipofika usoni akaacha. Akashuka, akanipa brashi. "Maliza wewe." Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu mazishi.

Nilimaliza, Shangazi. Mama alikuwa amekaa benchi la nyuma.

Msalimie binti yako Kathure, na Mbae mumewe. Mungu akuponye mguu na akuongezee miaka. Na kama Kathure ana picha yoyote ya Wawira akicheka, hata kwa simu, tafadhali anitumie. Nimejaribu kumchorea Mama picha nyingine, na uso hauji.

Ni mimi mtoto wako akupendaye,
Muchangi