Chini ya Ukuta wa Samaki

Tarehe 3 Februari

Kwako binti yangu,

Naanza kwa kukuomba radhi. Kwa miezi saba umeniandikia barua tatu, nami sikujibu hata moja. Mtu aliyewafundisha watoto wa wenzake kuandika barua kwa miaka thelathini na minne hana udhuru wa namna hiyo. (Ile ya pili hukuitia tarehe, lakini leo si siku ya kusahihisha.) Natumaini u mzima, na kile kikohozi cha vumbi la kazini kimepungua. Mimi ni mzima wa mwili. Goti la kushoto ndilo linalolalamika, nami nimelizoea kama jirani mgomvi.

Jambo lililonikalisha mezani ni hili. Jana mwenye machimbo alikuja nyumbani pamoja na nyapara wake. Unakumbuka kwamba ukuta wa jiwe la chokaa ulipomwangukia mdogo wako, wachimbaji wenzake walifukua kwa siku tano, kisha wakazuiwa kwa kuwa sehemu ya juu ilikuwa ingali inamwaga vumbi. Mdogo wako yuko pale pale mpaka leo. Sasa wanataka nichague kabla ya mwisho wa mwezi ujao: walete mashine ivunje kifusi na kumtoa, au waufunge upande ule na kuhamia upande wa pili, naye abaki humo daima.

Nilimuuliza nyapara kama mashine itautoa mwili wake bila kuuvunja. Alitazama viatu vyake, akasema, "Mwalimu, mashine haina macho."

Kazi yako ni mawe ya aina hiyo na vilivyomo ndani yake. Nishauri.

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 15 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Kikohozi kimepungua. Pole kwa goti. Usilipandishe ngazi ovyo.

Kabla ya ushauri nina neno, na naomba ulisome hadi mwisho. Baba, ukuta ule niliuangusha mimi.

Aprili iliyopita mdogo wangu alinitumia picha. Alikuwa amekata tofali la kwanza la asubuhi akamkuta samaki ndani ya jiwe, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Mbavu zote zimo, hata magamba ya mkiani yanahesabika. Unajua wenzake walivyomwita Profesa kwa ajili ya makombe ya baharini aliyokuwa akiyachokonoa katika mawe. Pale anapochimba palikuwa chini ya bahari, kabla hajazaliwa mtu wa kuipa bahari hiyo jina. Akaniandikia: "Dada, wenzangu wanasema huyu hata paka hamtaki. Nimkate?"

Nikamjibu asimkate wala asimguse, amwache ukutani, nitakuja Juni nimtoe mwenyewe. Juni ilipofika nikamwambia asubiri hadi Agosti, kwa sababu hapa kwenye jumba la makumbusho tulikuwa na maonyesho. Maonyesho, Baba. Yeye akaendelea kukata pembeni, na pembeni palipokwisha akaanza kukata chini. Wachimbaji wote hukata jiwe kutoka juu wakishuka, kama ngazi. Yeye alikata chini ili samaki wangu abaki juu, ukuta ukabaki ukining'inia.

Barua zile tatu, kila moja niliianza kwa maneno haya, nikaichana, nikaandika nyingine ya kukuuliza habari za mvua.

Ushauri wangu ni huu: usikubali mashine. Niruhusu nije nifukue kwa mkono. Kwa miaka kumi na mmoja natoa katika jiwe mifupa midogo kama sindano, kwa patasi na brashi. Mdogo wangu nitamtoa bila kumvunja.

Ni mimi,
Binti yako


Tarehe 2 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi sijambo, na nalala kidogo.

Nilijua. Siku ya tatu ya kufukua, nyapara aliniambia yote: samaki, picha, ahadi yako ya Juni. Ndiyo sababu ya kimya changu. Kila nilipoishika kalamu niliona itaandika "ni wewe" na isingeweza kuandika kingine. Nikaiweka chini. Nilidhani ninakuhurumia.

Lakini nawe hujasikia yote. Asubuhi ile, akinywa chai, mdogo wako alisema, "Baba, ukuta wa samaki umeanza kutoa vumbi. Leo namwangusha tu, Dada atanuna halafu atanisamehe." Nilikuwa nasoma gazeti. Sikulishusha. Nikamwambia, "Umemwahidi dada yako. Mwanamume havunji ahadi yake." Akacheka, akapiga saluti kama wale wanafunzi wangu watukutu, akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Kikombe chake hakukimaliza.

Basi usijibebeshe mzigo huu peke yako. Wala sikuombi unitue wangu.

Nina swali moja, na nataka jibu la kweli. Nyapara anasema sehemu ya juu ingali inamwaga vumbi. Atakayefukua kwa mkono atakaa chini yake kwa muda gani?

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 11 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu. Pengine nne, kama jiwe ni gumu.

Nimeipeleka ile picha ya samaki ukutani kwa mzee anayetufundisha kazi hapa. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina watoto. Nikasema sina. Akasema, "Lakini baba unaye."

Tutaegemeza magogo. Nitavaa kofia ngumu. Najua magogo hayazuii ukuta wa namna ile, na sitakudanganya, maana umeniomba ukweli. Lakini nami nakuomba: mashine ikimgusa, sitaweza tena kushika mfupa wowote maishani mwangu. Sema "njoo", nami nitakuja siku hiyo hiyo.

Ni mimi,
Binti yako


Tarehe 27 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Jana nilikwenda machimboni. Nyapara alinifikisha kwenye kamba waliyoifunga, akanyoosha mkono mbele ya kifua changu nisiivuke. Kutoka pale niliona nusu ya samaki wako ingali ukutani, kichwa na mbavu chache. Nusu ya pili iko chini, pamoja na mdogo wako. Nilipokuwa natazama, unga mweupe ulishuka ukatua kwenye mkono wa koti langu. Sikuupangusa mpaka nilipofika nyumbani.

Nilimwita mwanangu kwa sauti, jambo ambalo sikutarajia. Nyapara akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nataka kumzika. Nataka kumwosha uso. Na anayeweza kunitolea huo uso ni wewe peke yako, kwa wiki tatu au nne, chini ya ukuta ule. Mtoto wangu mmoja alikwisha kuingia humo kwa neno langu, nililolitoa upesi bila kumtazama. Neno la kukuita wewe sitalitoa upesi.

Zimebaki siku nne. Mwenye machimbo anasubiri, nawe unasubiri, na mdogo wako pia yuko pale. Nikishaamua nitakuandikia. Kabla hujaipata barua hiyo, mwanangu, usije.

Ni mimi,
Baba yako