Kwadi ya Nane

Alhamisi, 26 Machi 2026

Mwaka wa sita sasa tangu niondoke Bukoba kuja huku ughaibuni, Hounslow. Mgongo unauma. Mikono inanuka petroli hata nikiisugua kwa sabuni ya vyombo.

Leo tumeanza kuamsha kwadi za Lorraine, mteja wetu mkubwa anayezikodisha. Nyumbani nimewaeleza mara ngapi — pikipiki, ila magurudumu manne, watu wanalipia kwenda kuchezea matope! Hawaamini. Tena nikiwaambia zinalala yadini kwetu msimu wa baridi, kuanzia Novemba mpaka Machi, ndio wanacheka kabisa. Pikipiki ya Bukoba ikilala hata wiki, basi imekufa, au mwenyewe kafa.

Lakini mzee Bhavesh anavyozilaza! Lazima nimsifu, ingawa ni bosi. Petroli yote ilitolewa. Betri zilikaa ofisini kwenye joto kuliko mimi. Tairi ziliinuliwa juu ya mbao zisibonyee. Na leo hakuruhusu stata iguswe mpaka azungushe injini kwa mkono, taratibu, plagi ikiwa nje, kichwa kakiinamisha anasikiliza. “Hii imelala vizuri,” anasema. Kama anasema habari za mtoto.

Mkono wake wa kulia unatetemeka tangu alipougua. Skrubu ndogo zote ni zangu.

Tumekubaliana hivi. Kwadi zote nane ziwake. Jumatano tarehe 8 Lorraine anakuja na lori lake. Jioni ileile mimi napanda ndege. Jumamosi ni sendofu ya Beatha. Binti yangu! Nilimwacha na sare ya shule. Nisipofika, atakayemkabidhi kwa wakwe ni mdogo wangu Leonard. Leonard ameshashona suti.

Jumamosi, 28 Machi

Tatu zimewaka. Ya tatu ilikohoa moshi mweupe, ikazima, ikakohoa tena — halafu ikashika! Bhavesh akapiga makofi.

Mchana akaja Mwende, yule nesi Mkenya wa Kilburn, kuchukua skuta yake. Iliwaka kwa mguso mmoja. Mama wa watu akapiga kigelegele pale pale getini, jirani akachungulia dirishani. “Fundi, nilidhani imeaga dunia,” anasema. Nikamwambia ilikuwa imechoka tu, kama sisi. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Siku kama hizi naipenda kazi hii. Sisemi kwa sauti.

Jumatatu, 30 Machi

Kwadi ya nane, ile ya kijani. Nimefungua kiti nisafishe chujio la hewa. Ndani nyumba ya panya! Sponji ya kiti imenyofolewa, imesokotwa vizuri kama kikapu. Watoto sita, wekundu, hawana hata manyoya. Mama yao kanitazama tu.

Nikaenda kuchukua mfuko wa plastiki. Narudi, Bhavesh kasimama mbele ya kwadi, mikono kaitanua kama golikipa.

“Usiguse bwana! Usiguse!”

Dini yao ni ya Kijaini, hawaui hata mdudu. Hilo nalijua, buibui wote wa choo cha yadi ni wageni wake. Lakini panya! Nikamwambia, mzee, nivae glavu, niwahamishe taratibu. Akasema mama yao atasikia harufu ya mkono na kuwakimbia. “Watakufa na njaa, na dhambi utabeba wewe. Ukigusa nitakusemea!”

Atanisemea kwa nani? Bosi ni yeye! Lakini alizaliwa Mwanza, dukani kwa baba yake, wakahamia huku akiwa mtoto wa miaka kumi na moja. Kiswahili chake kimebaki na umri uleule. Ana mvi kichwa kizima na anagomba kama mtoto anayegombea gololi.

Ilikuwa nicheke. Sikucheka. Nilikuwa nawaza ndege.

Jumanne, 31 Machi

Tumegombana. Nikamuuliza, tarehe 8 Lorraine akikuta saba? Anajua kuliko mimi. Lorraine alishasema mwaka jana: nane, au anazihamishia kwingine zote. Bila Lorraine yadi hii ni kibanda cha skuta.

Nikauliza, na mimi je? Akasema makubaliano ni makubaliano, nane ziwake. Hakunitazama aliposema. Mkono wa kulia akauficha mfukoni.

Baadaye nimemkuta anatengeneza kisanduku cha mbao. Pamba ndani, tambi chache, tundu dogo mlangoni. Kakiweka kando ya kwadi. “Ataona nyumba mpya, atahama mwenyewe.”

Sawa. Tungoje panya asome tangazo la nyumba ya kupanga.

Alhamisi, 2 Aprili

Zilizobaki zimewaka. Saba zote tayari, zimepangwa, zimeng'arishwa. Kabureta ya ile ya sita ilikuwa imeganda gundi ya petroli, nimeizibua kwa uzi wa gitaa, kitundu kimoja kimoja. Bhavesh kaishika juu ya taa, kaangalia muda mrefu. “Safi,” kasema. Basi. Neno hilo moja limenikalia kifuani siku nzima, pamoja na hasira zangu zote.

Panya hajahama. Tambi amekula.

Jumamosi, 4 Aprili

Bhavesh kaenda hekaluni na mkewe. Nimebaki na funguo.

Mama Beatha kapiga simu. Sare za kamati zimefika, rangi ya zambarau. Leonard anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo, watoto wanamchungulia. Halafu akampa simu Beatha. Beatha akauliza, baba, unakuja kweli au unakuja kama ule mwaka wa kipaimara?

Nimesema nakuja.

Nikavaa glavu. Nikachukua mfuko. Naandika hapa ukweli, hakuna wa kusoma: nilikwenda kuwatupa. Ningemwambia mzee wamehama wenyewe, angefurahi hata.

Nimefungua kiti. Mama panya hakukimbia. Kakaa juu ya watoto wake, anatetemeka mwili mzima, na hakukimbia! Mimi ni mlima kwake. Kasimama hivyohivyo.

Nikafunga kiti. Nikakaa chini kwenye saruji na glavu zangu. Nilijitukana sana. Halafu nikaongeza tambi.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Kanisani nililala wakati wa mahubiri. Mungu anajua.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo ni sikukuu, yadi imefungwa. Nimepita tu kuangalia. Nikakuta mlango wazi. Bhavesh yuko ndani peke yake, kachukua kabureta kuukuu ya mazoezi, anajaribu kufunga skrubu ndogo. Inadondoka. Anaokota. Inadondoka. Nilisimama nyuma yake muda, hakunisikia.

Aliponiona akasema, “Evodius, nenda zako kwa mtoto. Mimi nitafunga hii ya nane.” Ni mara ya kwanza hajaniita fundi. Nikamwambia, mzee, skrubu moja umeitafuta chini ya meza mpaka nikafika. Akasema, “Mwongo wee!” Tukacheka wote.

Kisha akampigia Lorraine, mbele yangu. Hakutafuta kisingizio, hakusema betri wala spea. Alimwambia kuna watoto ndani ya mashine. Halafu Lorraine akatukana, tusi refu, na kusema Jumatano atakuja kujionea.

Mtu wa biashara, yadi iko hatarini, na anasema ukweli wa panya! Mimi nisingeweza. Ningesema betri.

Jumatano, 8 Aprili

Asubuhi. Begi langu liko hapa yadini, limefungwa. Nimekuja mapema, nimekuta Bhavesh kakaa juu ya kreti, kidole mdomoni — nyamaza!

Mama panya anahama.

Jamani. Anamng'ata mtoto shingoni kidogo, anashuka naye kwenye gurudumu, anakimbia sakafuni, anaingia kisandukuni. Anatoka mtupu. Anapanda tena. Watoto wameota manyoya, wananing'inia tu, wamemwamini. Wanne wamevuka. Bhavesh amekataza hata kutembea, ndiyo maana nimetoa daftari, naandika kwenye goti. Machozi yanamtoka mzee wala hafuti. “Polepole, mama,” anamnong'oneza.

Wawili wamebaki. Akimaliza, nusu saa inanitosha: chujio jipya, plagi, betri, iwake. Ndege ni saa mbili usiku. Kutoka hapa Hounslow uwanja uko karibu, magurudumu ya ndege nayaona yanashuka juu ya bati letu.

Mtoto wa tano katoka. Wako sakafuni, katikati.

Lori! Lorraine huyo getini, mapema kuliko alivyosema. Bati lote linatetemeka. Mama panya kasimama, mtoto mdomoni, hajui aende mbele au arudi. Bhavesh kanigeukia, macho makubwa, ananionyeshea geti kwa kidole.

Nimemtumia Beatha ujumbe: Ijumaa mchana nitakuwa hapo, mwanangu, Leonard akae na suti yake, nitakukabidhi mimi.

Sasa naenda getini, kwa ncha za vidole, kumwomba Lorraine azime injini.