Taa za Baba

Dada yangu wa mbali,

Taa ulizotuma zimefika. Nilipobeba lile boksi nilidhani umetutumia injini. Dari ya mbao isingezihimili, ikabidi fundi atoboe hadi kwenye boriti, ndipo akazining'iniza kwa waya za chuma juu ya tangi la kioo ambamo Baba anafuga matumbawe. Mimi nilishika ngazi, Baba akatoa amri. Mama anakusalimu, goti lake lina nafuu.

Kuhusu matumbawe, sijui nikwambieje. Yalikuwa ya zambarau, sasa ni meupe kama chaki. Fundi alininong'oneza kwamba hata taa za zamani zilikuwa zinayaunguza. Baba anashikilia kwamba yamefifia kwa kukosa mwanga, na kila nikitaja daktari wa macho ananikatiza: "Macho yangu yana nini?"

Fundi alipowasha, nilijikinga uso kwa mkono. Baba alisimama chini ya taa, akazitazama moja kwa moja bila kupepesa. Akangoja. Kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona hamziwashi?"

Nikamwambia umeme umekatika.

Mdogo wako