Brantley Wameadhibiwa, Nimeondolewa Mimi

Terrell, nimepoteza nafasi yangu ya mrusha mpira kwenye timu ya chuo. Adhabu wamepewa Brantley, anayeondoka ni mimi.

Habari za asubuhi ulizisikia, si ndiyo? Chuo cha Brantley wamefungiwa misimu miwili bila mechi za ubingwa, eti waliwalipa wachezaji kwa siri. Sisi huku tukarukaruka kama watoto. Miaka yote wanatupiga, sasa njia nyeupe.

Kumbe wachezaji wao wameruhusiwa kuhamia chuo chochote.

Kocha Whitlow akaniita ofisini. Naingia, nani kakaa kwenye kiti? Dawson. Mrusha mpira wao, yule yule uliyemzomea mwaka jana mpaka sauti ikakauka.

Kocha ananiambia, "Kijana wangu, umetutumikia vizuri. Lakini mrusha mpira kama huyu hatutampata tena."

Nikamuuliza, "Na ufadhili wangu wa masomo?"

"Mpaka Mei. Baada ya hapo utafute chuo kingine."

Mpaka Mei, Terrell. Kanitamkia hivyo mbele ya Dawson.

Tulipotoka, Dawson akaniambia, "Kaka, mimi sikupewa chochote kule. Nataka kucheza tu."

Akauliza chumba cha kubadilishia nguo kiko wapi. Nikampeleka mwenyewe.

Wenzangu walipomwona wakasimama wote, wakampigia makofi. Mimi nilikuwa bado nimemshikia mlango.