Kibuyu cha Herufi za Baba

S.L.P. 41,
Tawa, Makueni.
21 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Muli,

Habari za Muscat? Hapa nyumbani tunapumua, tunamshukuru Mungu. Tunasikia joto la huko linakausha nguo kabla hujazianika, sasa sijui wewe linakufanyaje. Unakula? Mgongo umepona? Mama aliniambia nikuulize hayo kwanza, nami nimeuliza.

Mvua hatujaiona bado. Miembe imetoa maua vizuri, na mbuzi wa jirani yetu Kasiva amezaa mapacha. Habari njema zimeishia hapo. Nimeandika barua kwa sababu kwa simu Mama husikia kila neno, na haya sitaki ayasikie. Mwenzako Kiilu anarudi huko kazini wiki hii, atakupa mkononi.

Ni mambo ya Baba. Unajua tangu apatwe na kiharusi ulimi ulikuwa mzito, hata "ndiyo" ikimtoa jasho. Yule dada wa hospitali anayefundisha wagonjwa kuongea alituuliza mzee alipenda nini akiwa mzima. Nikacheka. Mwalimu wa Kiingereza aliyetunyima chakula cha Jumapili mpaka tupange herufi zake na kutoa maneno yote! Wewe ulikuwa unaficha moja chini ya sahani ili mchezo uishe haraka. Dada akasema basi, huo mchezo ndio dawa.

Nikakata katoni, nikaandika herufi, nikazitia kwenye mkebe. Mkebe ulimshinda kufungua kwa mkono mmoja, kwa hivyo Mama akampa kile kibuyu kidogo cha maziwa: anakitikisa, herufi zinamwagika mkekani. Alianza na A, E na T. Akatoa "tea", na baada ya siku kadhaa "eat". Mwezi wa saba nikamwongezea L na S. Kaka, ungemwona! Anafumba macho, ananguruma, halafu neno linatoka: "steal". Siku nyingine "tales", siku nyingine "stale", kisha "least", herufi zile zile tano zikizungushwa. "Slate" lilipokuja alicheka kwa sauti yake ya darasani. Akaanza hata kuniita kwa jina.

Halafu mama Kanyiva wa kanisani akaja kutuletea ndizi, akapitia nyuma ya nyumba. Akamkuta mzee mkekani, macho yamefumbwa, anatikisa kibuyu, anamwaga vitu, anavisogeza kwa kidole huku akinong'ona. Wewe ni Mkamba, unajua ni nani hufanya hivyo. Hata mimi ningekuwa mgeni ningekimbia.

Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba Mwalimu Nzomo anapiga ramli. Jumatano wazee wa kanisa wakaja na mchungaji, yule kijana mpya. Nilieleza mpaka koo likakauka. Mchungaji alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Dada Ndinda, kama ni katoni tu, ikichomwa utapoteza nini?" Mzee Ndululu naye akamgeukia Mama. "Kanisa haiwezi kuzika mtu wa kibuyu. Na wewe ndio kiongozi wa akina mama. Sasa amua."

Mama ndiye aliyekichoma, Muli. Si wao. Alikitoa mkononi mwa Baba, pamoja na herufi zote, akakitia motoni, nao wakaimba. Baba alikuwa ameketi pale pale akiangalia. Najua aliogopa mumewe asije akazikwa bila maombi, lakini nilikasirika hata nikashindwa kuwapa wageni chai. Bado nimekasirika.

Tangu siku hiyo Baba hafungui mdomo ila kwa chakula, na anakula kutoka mkononi mwangu tu. Mama akileta sahani, anageuza uso. Nilimkatia herufi nyingine, hakuzitazama. Juzi nikamkuta Mama nyuma ya ghala na makasi, ananakili herufi kutoka kwa pakiti ya unga. Unajua hakupata kusoma, kwa hivyo nyingine zimeangalia nyuma. Alizitia kwenye bakuli, akaziweka karibu na miguu ya Baba. Ziko hapo mpaka leo, na Mama hufagia akizizunguka.

Sasa nakuomba. Usimpigie Mama kumgombeza, amejigombeza vya kutosha. Mchungaji niachie mimi, nitamwendea na yule dada wa hospitali, na safari hii atasikia. Wewe piga simu mchana, Baba akiwa barazani, nitamwekea sikioni. Usimpe pole, hapendi. Mtajie herufi tu, moja moja, jinsi alivyokuwa akitutajia sisi, kisha unyamaze umngoje. Hata akichelewa sana, usikate.

Dada yetu Kalunde na watoto wake wanakusalimu, na Kasiva anasema umletee mbuzi wake kamba ya Kiarabu. Mama anakusalimu, anakuombea kila asubuhi kwa jina lako lote. Salamu za Baba sina.

Mungu akutunze ugenini na akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ndinda